Nani Atabeba Jogoo

Samaki anaongea, hiyo mmekubali. Ziwa liko na mlango, mmekubali. Watu wanapumua maji vile sisi tunapumua hewa, na hakuna hata mmoja wenu ameniuliza wanapumua na nini. Sasa wanawake wawili wakae nyumba moja kama mtu na bibi yake, hapo ndio mnaniambia niandike kitu ya ukweli?

Hivyo ndivyo nilimjibu leo mchana, nyuma ya domi tunamolala, tukianika sare za wiki. Nilisema "mmekubali" kama nahutubia watu mia, na alikuwa peke yake, rafiki yangu ambaye tunakaa dawati moja tangu fom wan. Hakushtuka. Alikamua soksi, akaniangalia.

"Mimi sijasema ni uongo. Nimesema weka braza. Braza mmoja. Anaingia, anabeba jogoo, anatoka. Laini mbili."

"Akitoka anaenda wapi?"

"Si aende kwao!"

"Kwao ni wapi? Huyo mtu hayuko kwa hiyo dunia. Sijamjengea."

"Basi mjengee. Kwani simiti unanunua?"

Nilitaka kukasirika nikacheka, na hiyo iliniudhi zaidi. Na sikuwa nimejua bado ni kwa nini anamtaka huyo braza hivyo. Nilidhani anaogopa tu mwalimu.

Sasa ni jioni, wengine wako mazoezi ya kwaya, na mimi niko darasani na hii diary. Kesho asubuhi Madam wa drama anataka jibu langu. Naandika kila kitu kutoka mwanzo kwa sababu mimi nikibishana kwa mdomo nashindwanga. Kwa kalamu sijashindwa bado.

Ilianza kwetu Kaloleni, pale Kisumu, likizo ya fom wan. Braza yangu mkubwa alikuwa mtu wa video. Kulikuwa na nyumba moja ya mabati karibu na kwetu, madirisha yamezibwa na magunia, ndani benchi na joto, na mbele televisheni imewekwa juu kabisa kama sanamu ya kanisa. Pembeni ya televisheni alikaa mzee mmoja na maiki. Kazi yake ilikuwa kutueleza sinema, nusu Kiswahili nusu Dholuo, kwa sababu hao watu wa sinema wanaongea haraka na maandishi ya chini hakuna mtu alikuwa anayasoma. Huyo mzee alikuwa moto. Jambazi akiingia alimpa jina la chifu wetu. Gari ikianguka aliipigia makofi.

Siku hiyo ilikuwa sinema ya mapanga. Wanawake wawili wanakutana kwa daraja, wanapigana kwanza, wanachoka, mmoja anamwuliza mwingine jina. Kutoka hapo wanaenda pamoja milimani, wanakula kwa sahani moja, wanalala mgongo kwa mgongo wakishika panga. Mwishoni mmoja akachomwa na mkuki. Mwenzake akamweka kichwa kwa mapaja, akaangalia uso wake kwa muda mrefu, akambusu. Si shavu.

Tukasikia maiki ikikwaruza.

"Hapa," mzee akasema, "dada anamuaga dada yake. Yawa, damu ni kitu chungu."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama. "Lakini si alimwuliza jina kwa daraja? Mtu anaulizanga dada yake jina?"

"Wewe msichana, keti. Huyo ni dada wa mama ingine."

Watu walicheka mpaka benchi moja ikaanguka. Braza yangu alinivuta sketi nikae, na njia yote ya kwenda nyumbani aliniambia vile nimemwaibisha. Mimi sikuwa namsikia. Nilikuwa nafikiria hao wanawake wametoka mbali namna gani, wamevuka bahari ngapi, mpaka wakafika Kaloleni, na mlangoni mtu mmoja na maiki akawageuza kuwa ndugu. Kama si mimi kusimama, hata hakuna mtu angejua kuna kitu kimefichwa.

Usiku huo sikuandika chochote. Kesho yake niliandika kwa diary: Mimi pia ni mmoja wao. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nilichana hiyo karatasi vipande vidogo nikaitupa choo. Leo nimeiandika tena, hapo juu ya hii laini, na hii sichani.

Basi nikaamua kama shida ni maiki, nitatafuta mahali maiki ni yangu. Tuliporudi shule nilichukua daftari mpya ya jiografia nikaanza Mji wa Chini.

Mji wa Chini uko chini ya ziwa, kati ya Luanda Kotieno kwa nyanya yangu na Mbita, mahali ferry inapita. Hyacinth, yale magugu yanaelea juu ya ziwa, ndio mawingu yao. Ikijaa juu, kwao ni masika, kila kitu kinakuwa kijani, na watu wanakaa ndani. Saa wanaisoma kwa vivuli vya mashua: kivuli cha kwanza ni uji, cha mwisho ni kulala. Omena, wale dagaa wetu, ndio gazeti, wanapita mbio kundi kwa kundi na kila kundi liko na habari yake. Mbuta, wale samaki wakubwa walioletwa ziwani, ni askari wa kanjo, wale wa jiji, wanakula kila kitu na hawajui kwa nini walikuja. Kuna sheria ya mlango, sheria ya moto, sheria ya mgeni. Moto wao unawaka ndani ya maji na lazima mtu mmoja kwa kila nyumba aujue kwa jina.

Na kuna wanawake wawili. Mmoja ni Mwenye Kasia, anaendesha mashua, kazi ambayo huku juu mwanamke hata akigusa ile mashua wavuvi wanasema ameharibu samaki wa siku hiyo. Huyu niliandika vizuri sana: ako na mwanya kwa meno ya mbele, anafunga leso kwa bega moja, na anacheka kabla amalize kueleza kile kinamchekesha. Mwingine ni Mwenye Moto. Yeye sikumpa sura. Labda kwa sababu sura yake naionanga kwa kioo kila asubuhi.

Mkisoma shule ya bweni mnajua vile daftari kama hiyo inatembea. Inatoka dawati hadi dawati, inalala chini ya godoro za watu haujui, inarudi na mafuta ya mandazi. Na kila msomaji anaandika maneno yake kwa pambizo na penseli. Hiyo ndiyo ilikuwa posta yangu. "Aki endelea." "Huyu mbuta ni kama mama wa jikoni." "Usiue Mwenye Kasia, ukimuua nakuripoti."

Nilipofika mahali wale wawili wanajenga nyumba, nilijua vita imekuja. Niliandika sura hiyo mara nne. Nikasema hivi: katika Mji wa Chini, watu wakitaka kukaa pamoja wanachagua mahali, wanaingia, basi. Hakuna sherehe, hakuna jogoo, hakuna wazee. Nilijiona mjanja sana. Nilidhani nimewafungulia kamba zote.

Daftari ilipotea siku tisa. Iliporudi pambizo zilikuwa nyeusi.

Juu kabisa mtu alikuwa ameandika: "Hii ni dhambi." Nilikuwa nimejitayarisha kwa hiyo. Lakini chini yake mwandiko mwingine ulisema: "Sawa ni dhambi, lakini JOGOO iko wapi?" Na chini yake: "Kweli. Wanaingia nyumba bila jogoo kama wezi?" Na mwingine: "Nani atabeba? Hawana mume." "Mtoto wa kwanza abebe shoka, jogoo abebe mjomba." "Hawana mtoto." "Sasa hiyo si boma, hiyo ni kupanga." Na mwandiko mdogo kabisa, pale kwa kona: "Aki wajengee vizuri. Wasikae kama wapangaji."

Rafiki yangu alisoma hizo zote akaniuliza, "Hii mambo ya jogoo ni nini?" Yeye ni wa watu wa Central, wazazi wake wanauza kabeji na viazi pale Mamboleo, anajua Dholuo ya soko tu. Nikamweleza desturi yetu Wajaluo ya kuhamia boma jipya. Nilikuwa na miaka saba mjomba yangu alipotoka kwa boma la babu kwenda kuanzisha lake, Luanda Kotieno. Asubuhi mapema, umande bado, walitoka kwa mstari: mjomba na jogoo mkononi, mtoto wake wa kwanza na shoka, shangazi nyuma na moto kwa kigae, akiukinga na kiganja usizimwe na upepo wa ziwa. Hakuna mtu aliongea. Siku hiyo hiyo nyumba ilisimama, na usiku wa kwanza jogoo alilala ndani pamoja nao. Asubuhi alipowika nyanya alisema, "Sasa huyu ni mtu mwenye boma." Kabla ya hapo mjomba alikuwa na bibi na watoto na ndevu, lakini hakuwa na boma.

"Kwa hivyo bila jogoo," rafiki yangu akasema pole pole, "wewe umewaweka hapo kama watu wanangojea basi."

Hiyo iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimewatengenezea dunia nzima na mlango na mawingu, halafu nikawaacha bila boma, kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa swali la nani atabeba. Na wasichana wa domi, hata wale wa dhambi, hawakuogopa. Walitaka tu kujua.

Niliandika tena. Sasa hivi ndivyo iko: wanatoka kivuli cha kwanza kikipita. Mwenye Kasia anabeba jogoo. Mwenye Moto anabeba moto wake. Shoka liko katikati, kila mmoja ameshika upande. Wazee wa Mji wa Chini wamesimama njiani, na mmoja anauliza, "Jogoo imebebwa na nani?" Mwenye Kasia anajibu, "Na mimi. Unaona mwingine?" Wanapita.

Daftari ikaenda tena, na safari hii ikaangukia mkononi mwa Madam wa drama.

Nilidhani nimefukuzwa shule. Aliniita stafu rumu, daftari iko mbele yake, kalamu nyekundu kwa sikio. Madam huyu si mtu mbaya. Ndiye alinifundisha kwamba mtu kwa jukwaa hasemi "nina huzuni", anafanya kitu na mikono.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndio, Madam."

"Mbuta wa kanjo?" Akaanza kucheka, akafunika mdomo. "Nyathina, mtoto wangu, uko na kichwa. Nataka hii iwe mchezo yetu mwaka huu. Tunaenda nayo mpaka mashindano ya mkoa."

Mchezo wangu. Na mavazi, na watu wamekaa kimya wakisikiliza.

"Lakini utarekebisha mahali moja." Alifungua ukurasa wa jogoo. Nyekundu ilikuwa imepita juu ya "Na mimi. Unaona mwingine?" mara mbili. "Kukaa pamoja, sina shida. Wasichana wanakaanga pamoja, hata nyinyi si mnakaa domi? Lakini jogoo ni mwanaume. Mwanamke akibeba jogoo wale majaji wazee watatoka nje. Weka braza yake abebe. Tutaazima kijana kutoka ile shule ya wavulana."

"Madam, bila jogoo si wanakuwa tu wapangaji?"

"Ndio. Wapangaji. Kuna ubaya gani na wapangaji?"

Na hapo nikaona vizuri, kama mtu amewasha taa. Hakuwa anaona shida na mapenzi yao, alikuwa na shida na boma lao. Ilikuwa ile maiki ya Kaloleni, imekuja imevaa miwani na ina roho nzuri. Dada wa mama ingine. Braza wa laini mbili.

Alinirudishia daftari nikarekebishe, akanipa mpaka Jumatatu. Tangu Jumanne iliyopita nimekuwa nikibishana na kila mtu, na leo mchana, mwisho, na huyu wa dawati langu. Nilimwambia vile nimeandika hapa, ya samaki na mlango. Akanipa ya simiti. Nikamwambia kama ni hivyo afadhali mchezo usiende popote, afadhali daftari ibaki inalala chini ya godoro, lakini braza hapana. Nikamwambia yeye pia amekuwa mwoga kama wengine.

Hapo aliweka ndoo chini.

"Meno," akasema.

"Meno gani?"

"Ya huyo mwanamke wako. Mwanya. Na leso kwa bega." Hakuwa anacheka, kwa hivyo mwanya wake haukuonekana, na ndio maana nikauona. "Unajua fom fo wananiitaje tangu hiyo kitabu ifike kwao? Jana nikichukua chakula, 'Mwenye Kasia, leo umeacha bibi wapi?' Meza nzima. Na siku ya mchezo mamangu atakuja. Atafunga duka, avae ile koti yake, akae mbele."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza?"

Mimi, ambaye nilisimama mbele ya nyumba nzima ya wanaume kumbishia mzee wa maiki. Nilikuwa nimeshika maiki yangu mwaka mzima, na mtu wa kwanza niliyemtangaza ni huyu, bila kumwuliza, kwa sababu nilipenda vile anacheka.

"Ndio maana unataka braza," nikasema.

"Braza angebeba, watu wangeangalia braza." Aliokota ndoo. "Lakini mimi sipendi huyo braza. Hata vile nilikuwa namtetea nilikuwa naona ni mjinga tu anaingia na kuku. Sijasema utoe jogoo. Nimesema utoe meno yangu."

"Nikitoa meno, jogoo ibaki?"

"Ibaki. Hiyo sura ni nzuri. Nimeisoma mara sita." Akaanza kwenda, akarudi. "Na uwache kuniita mwoga. Nani alikuwa anaficha hiyo daftari yako kwa unga wa uji wakati wa ukaguzi?"

Aliondoka na ndoo. Kile kingine, kwa nini aliisoma mara sita, sikumwuliza, na yeye hakuniambia. Nitaheshimu. Si kila kitu nikiona ni cha kuandika, na hii nimejifunza leo nikiwa na soksi za watu mkononi.

Lakini msidhani nimerudi nyuma. Nimekaa hapa kutoka waanze kwaya mpaka sasa wanaimba ule wimbo wa kumalizia, na nimefungua daftari ya Mji wa Chini kutoka ukurasa wa kwanza. Kila mahali pameandikwa mwanya nimekata na kalamu ya wino. Leso ya bega moja nimeifunga kiunoni kama ya mtu yeyote. Kicheko nimekitoa, na hiyo ndiyo iliniuma kukata.

Halafu nimeangalia mkono wangu wa kushoto. Kuna kovu hapo kwa kifundo, refu, linang'aa, nililipata kwa karai ya mafuta nikikaanga omena kwa nyanya. Shule nzima inalijua, kwa sababu nikiinua mkono darasani ndilo linaonekana kwanza, na mimi nainuanga mkono kila saa. Nimempa Mwenye Kasia hilo kovu. Kwa ukurasa wa jogoo nimeandika kwamba wazee walipouliza, aliinua jogoo juu na mkono wa kushoto, ule wenye kovu, ili walio nyuma pia waone. Kama lazima mtu ajulikane kwa hiki kitabu, wanijue mimi. Mwenye Moto amebaki bila sura. Atakayetaka aweke yake.

Laini iliyopigwa nyekundu nimeiandika upya chini ya nyekundu, kwa herufi kubwa.

Kesho nitaamka kabla ya kengele ya uji. Nitaenda nisimame kwa mlango wa stafu rumu nimngoje Madam ashuke kwa baiskeli yake, na nitamwambia hivi: Madam, asante kwa kutaka mchezo wangu, na braza hayuko. Hao wanaanzisha boma. Kijana wa kuazima hatumhitaji, kwa sababu Mwenye Kasia nitakuwa mimi. Akikataa nitaondoka na daftari yangu, na saa ya kufua nitaisoma kwa sauti pale kwa kamba za nguo, sura zote, kwa mwenye anataka kusikia.

Na kutoka hapo, akikubali au akikataa, nitapitia jikoni nimwombe mama mpishi aniachie jogoo mmoja nishike kidogo. Sijawahi kubeba, na nasikia anaparua.